Milamula Iliyopandwa Nikiwa Rubya

Kimwani, Muleba
16 Februari 2025

Mdogo wangu Alexander,

Waitu, hujambo? Elieth mkeo hajambo, na watoto? Sisi huku tunapumua. Jua la mwezi huu ni kali, maharage yamejikunja, ila migomba bado imesimama na mnyauko haujarudi. Nimerudi juzi kutoka Rubya. Dativa wetu, yule binti aliyeachwa na marehemu dada, amejifungua kwa kisu, mtoto wa kike, na amempa jina la Mama. Nimekaa naye hospitalini mpaka akaweza kuamka mwenyewe. Mtoto ana sauti ya mnadani.

Nakuandikia kwa sababu simu yako hukatika kila swali linapokaribia. Karatasi haikatiki. Jibu lako mpe konda wa basi aliache dukani kwa Ishengoma kama kawaida.

Sasa nisikilize. Unalikumbuka shamba la shule lilivyokuwa, mihogo ya adhabu tu, na aliyechelewa namba ndiye aliyelima. Naambiwa Mwalimu mkuu Saburi analigeuza kuwa kituo cha mafunzo, wageni waje kutoka Bukoba na kwingineko waone kahawa, vanila, nyuki na bwawa la samaki. Na naambiwa mshauri wake ni wewe, bwana shamba mstaafu. Sina neno. Kituo ni kizuri. Watoto wajifunze kwamba jembe si fimbo.

Neno langu ni hili. Nimerudi kutoka Rubya nikakuta milamula imepandwa ndani ya kibanja chetu. Sijasema ndani ya shamba la shule, nimesema ndani ya kibanja cha Tata, baba aliyetuzaa. Safu imeanza kisimani, ikapita chini ya kaburi la Mama, ikazunguka mpaka barabarani. Nyumba ninayolala imebaki ndani ya duara kama kuku aliyefunikwa tenga. Wewe ni Mhaya, sina haja ya kukueleza mulamula ni nini. Huo si ua la bustani, huo ni mpaka.

Nani ameipanda? Kwa ruhusa ya nani? Na kwa nini ilisubiri nitoke?

Msalimie Elieth.

Dada yako,
Kokushubila


Bakoba, Bukoba
11 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata, nisamehe kuchelewa. Bodaboda ilinigonga pale karibu na soko, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti na nimefungwa plasta nzito kama kinu. Siendi popote bila magongo. Elieth ndiye ananifanyia kila kitu, hata barua hii ataipeleka stendi yeye. Watoto wazima. Farida, jirani yetu muuza mitumba, ananiletea uji wa ulezi kila asubuhi na kunicheka kwamba bwana shamba amepandwa kitandani.

Nimefurahi sana kuhusu Dativa. Mpe hongera.

Kuhusu kituo, kazi inakwenda vizuri. Njia ya wageni imepangwa kwa mawe, kila zao litakuwa na kibao chake, na wanafunzi wa darasa la sita wanafundishwa kuwa waongozaji. Nimemwambia Mwalimu Saburi kwamba wageni waoshe viatu getini, asiingie mtu na panga lake, na panga la shule lipite motoni kila linapotoka kwenye shina moja kwenda jingine. Tusije tukaalika mnyauko kwa jina la elimu. Yeye anataka pia wageni waone kibanja halisi cha Kihaya, migomba ya zamani iliyochanganyika na mibuni, ndiyo maana njia itagusa kwetu kidogo.

Milamula ni mmea mzuri, unapendeza macho. Usijali sana.

Kula vizuri. Usilime juani.

Mdogo wako,
Alexander


Kimwani, Muleba
23 Machi 2025

Alexander,

Pole kwa mguu. Nimesali rozari kwa ajili yake, ingawa shetani alinipitia nikajiuliza kama mguu nao tuutilie shaka. Nimetubu. Mvua zimeanza, njia ya kisimani inateleza. Dativa amerudi kwake na mtoto anaongezeka.

Barua yako nimeisoma, nikaipa Jumapili moja ipumzike, nikaisoma tena. Umenijibu viatu, umenijibu panga, umenijibu mpaka uji wa Farida. Mulamula umeuita mmea mzuri. Unanidhania mimi ni mgeni wa kituo?

Nilikwenda shuleni. Mwalimu Saburi ni mtu wa adabu, aliniwekea kiti, akanipa chai. Nikamwuliza nani amepanda. Akasema, "Mama, muulize mdogo wako." Na akatabasamu. Alexander, lile tabasamu silipendi. Nikamwuliza kama wewe ulikuwapo. Akaitazama chai yake. Mwenyekiti wa kijiji naye nilimkuta njiani, akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake amelegeza kamba. Kwa hiyo ulikuja. Ulifika Kimwani, ukapanda mpaka mlangoni kwangu, ukarudi Bukoba bila kusubiri nirudi kutoka Rubya nikupikie hata kitoke kimoja cha ndizi.

Tena bahasha yako ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa upya kwa ugali. Mimi macho yangu ni mabovu lakini ugali naujua.

Labda umesahau, nikukumbushe. Mume wangu alipofariki kule Kamachumu, shemeji zangu hawakunifukuza siku ya matanga. Walinipenda. Waliniletea nyama. Baadaye wakapanda mulamula kuzunguka kibanda changu, wakasema, "Dada, hapa ni pako, usisumbuliwe na mtu." Nikawashukuru! Msimu uliofuata kila nilipovuka kwenda kuchuma kahawa niliyoipanda kwa mikono yangu niliitwa mwizi. Msimu uliofuata tena wakasema mjane asiye na mtoto hahitaji hata duara lile. Nilirudi kwa Tata na sanduku moja kichwani. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi sijaona unyasi, nimeona nyoka yule yule, rangi ile ile.

Tata alipokufa wewe ndiye uliyerithi, sikununa. Ndiyo mila. Nimekaa hapa kwa hisani yako, nimepalilia, nimetunza makaburi. Sasa sitaki maneno mengi. Nataka kujua nitalala wapi nikiwa hai na nitazikwa wapi nikifa. Unaipa shule kibanja?

Kokushubila


Bakoba, Bukoba
20 Aprili 2025, Pasaka

Dada yangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Sisi tumesali nyumbani kwa sababu yangu. Plasta imetolewa ikarudishwa, mfupa haujashika vizuri.

Kwa hiyo nisingeweza kuja hata ningetaka, na nataka sana. Kupiga simu hakusaidii. Kwa lile sikio lako simu unaiweka sauti ya juu, na chaji unaipata dukani kwa Ishengoma, kwa hiyo mimi nikisema "halo" duka zima linaitika "halo".

Nakuomba jambo moja tu kama ndugu yako wa tumbo moja. Subiri siku ya ufunguzi wa kituo, katikati ya Juni. Ukoo wote utakuwapo, viongozi watakuwapo, wageni watakuwapo. Siku hiyo utaelewa. Mpaka siku hiyo usifanye lolote kuhusu milamula, na usimshirikishe Ishengoma. Niamini.

Nimekutumia kitenge na sukari. Kitenge kishone, ukivae siku hiyo.

Mdogo wako,
Alexander


Kimwani, Muleba
11 Mei 2025

Alexander,

Habari za mguu? Hapa mvua inamwagika, mibuni imebeba vizuri, na Mwalimu Saburi amepaka nguzo za geti chokaa. Watoto wa darasa la sita wanapita mlangoni kwangu wakijisomea "Karibuni wageni, hii ni enshakala, ndizi ya kupika", kana kwamba enshakala ilizaliwa juzi. Kitoto kimoja kiliniita "bibi wa kibanja cha asili". Nilicheka, sikatai. Kisha kikamwambia mwenzake, "Mwalimu alisema bibi asiambiwe." Kicheko kikaniishia.

Kitenge nimekipata. Ni kizuri mno. Shemeji zangu nao walileta nyama.

Ulisema nikuamini, na ukasema nisimshirikishe Ishengoma. Nikajiuliza, mtu anayekukataza kumwendea mkubwa wa ukoo anaficha nini kwa ukoo? Nikamwendea. Ishengoma ni mtoto wa baba mkubwa, damu yetu. Hata hakushangaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Dada, nami nimeiona milamula ile, nilikuwa naogopa kukuumiza. Mdogo wako amekula mjini mpaka amesahau kwao. Lakini dawa ipo, na iko mikononi mwako."

Basi Jumapili iliyopita baada ya misa walikuja wazee watano wa ukoo, pamoja na majirani wa pande zote. Pombe ya rubisi ilikuwapo, Ishengoma aliileta mwenyewe. Akasimama kwenye safu, akaniuliza kwa sauti, kila mtu akisikia, "Kokushubila binti Rutaihwa, mpaka huu unautambua?" Nikajibu, "Siutambui." Akauliza, "Hapa ni kwa nani?" Nikajibu, "Hapa ni kwa ukoo. Hapana mpaka hapa, na hapatakuwa na mpaka." Akasema, "Basi ng'oa."

Niling'oa yote. Mmoja mmoja, kwa mikono hii, kutoka kisimani mpaka barabarani. Mingine ilikuwa imeshika, ikanichuna viganja. Mwalimu Saburi alikuja mbio kutoka shuleni, kofia mkononi, anapiga kelele, "Mama, subiri! Mama, nakuomba, subiri kidogo!" Nikamwambia arudi kwa samaki wake. Alikaa chini kwenye tope, mtu mzima na suruali yake safi, akashika kichwa. Nilijisikia vizuri, sitakuficha. Kule Kamachumu nilinyamaza. Safari hii sikunyamaza.

Wazee walikunywa rubisi, wakanipa mkono. Jambo limekwisha. Mwambie Mwalimu Saburi wako atafute kibanja kingine cha kuonyesha wageni.

Kokushubila


Bakoba, Bukoba
25 Mei 2025

Dada,

Barua hii inaletwa na Farida. Ameacha biashara yake kwa ajili yangu, mpokee vizuri. Haipiti kwa konda, haipiti kwa Elieth, haipiti dukani kwa Ishengoma. Ndivyo ningefanya tangu Februari kama ningekuwa na akili. Shikamoo.

Duara lile lilikuwa lako.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu, kwa sababu sijui niiongezee nini. Nyumba, kaburi la Mama, kisima, migomba yote ya enshakala, na mibuni ile ya Tata ya upande wa barabara. Hukufungiwa kona. Nilikupa kibanja chenyewe. Upande wa chini, ule wa rweya, ambako hakumei kitu isipokuwa nyasi, nilikubali shule ipitishe njia yake. Shule ilipoomba njia, ilibidi mpaka upandwe kati yao na sisi, na mpaka ukipandwa lazima mashahidi waulizwe wanapakana na nani. Ndipo nilipopata nafasi niliyoitafuta tangu Tata alipokufa. Mwenyekiti wa kijiji alipouliza, "Shule inapakana na nani?" mimi mrithi nilijibu, "Inapakana na Kokushubila." Mwalimu Saburi alisikia, majirani wawili walisikia. Tukapanda.

Sikukusubiri kwa sababu Ishengoma alikuwa kwenye mazishi Biharamulo na angerudi kesho yake. Tangu Tata afe amekuwa akiniambia kwamba wewe ukifumba macho, na hata kabla hujafumba, kibanja kile kirudi kwa wakubwa wa ukoo, maana mimi nimekuwa mtu wa mjini na wewe huna mtoto. Elieth naye ana lake. Anataka kibanja kibaki kizima kwa wanetu, na simlaumu, ni mama. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba barua zangu, ningeandika nini? Niliwaomba mashahidi wanyamaze mpaka ufunguzi. Siku ile, mbele ya wageni na viongozi, huku wote wanakula, ningekuita usimame na kitenge chako, nikatamka. Ishengoma asingethubutu kukataa mbele ya wageni. Ukishatamkiwa hadharani, basi.

Sasa umetamka wewe.

Ishengoma alinipigia jioni ile ile, anacheka. Alisema, "Dada yako ametuondolea kazi." Nimewauliza wazee wawili ninaowaamini. Wote wamenijibu sawa: mpaka unaweza kupingwa na jirani, unaweza kupingwa na ukoo, na mrithi akasimama akautetea. Lakini mwenye mpaka akiukana kwa mdomo wake na kuung'oa kwa mikono yake mbele ya wazee, hakuna wa kuurudisha. Nikipanda tena nitakuwa mwizi wa ardhi ya ukoo Kimwani nzima. Na wewe umesema zaidi ya hapo, umesema hapa ni kwa ukoo. Hata changu mimi sasa wanakiuliza.

Nina hasira na wewe, dada. Ningekufanyia ubaya mimi? Mimi uliyenibeba mgongoni kwenda zahanati? Halafu hasira inanigeukia. Nilijua habari za Kamachumu, nilikuwa kijana ulipoingia uani na lile sanduku. Nikaenda nikapanda kitu kile kile kuzunguka mlango wako, nikakuambia uniamini. Nilimficha adui siri, nikamficha na mwenye mali. Ningemtuma Farida na neno moja tu, "ni chako," tusingefika hapa.

Nitakuja kwa ufunguzi hata kwa magongo. Kama daktari atakataa, nisamehe.

Alexander


Kimwani, Muleba
22 Juni 2025

Mdogo wangu Alexander,

Waitu, pole na kitanda. Farida alinieleza alipopita tena kwamba daktari amekataa usisafiri. Usijilaumu kwa hilo. Dativa hajambo, mtoto anakaa. Kahawa imeanza kuiva.

Barua yako niliisoma Farida akiwa amekaa mbele yangu, nikamwomba aisome tena yeye kwa sauti, nikidhani macho yamenidanganya. Alipomaliza alinishika mkono. Ni mwanamke mwema. Sikulia siku ile. Nililia siku nyingine, nikiwa naosha vyombo, bila sababu.

Nilikwenda kwa Ishengoma. Nilipiga magoti, Alexander, mimi niliyemzidi umri. Nikamwambia sikujua nilichokuwa nang'oa. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, mbona ulisema vizuri? Sote tulisikia." Akaniambia nikae kwa sasa. Neno hilo "kwa sasa" nalijua, nimeshalala ndani yake.

Ufunguzi, jana umetimiza wiki. Mwalimu Saburi alitaka kuahirisha, wakubwa wake wakakataa. Ishengoma amekubali njia ipite tena, na si rweya tu, ipite kibanja chote mpaka mlangoni kwangu, na yeye ndiye aliyekaa kiti cha mwenyeji. Sitakudanganya, kituo ni kizuri. Bwawa lina samaki, nyuki wana nyumba zao, watoto wa darasa la sita walieleza habari za kupitisha panga motoni bila kukwama hata mahali. Ungejivunia. Shule tatu zilikuja kutoka Bukoba.

Nilivaa kitenge chako. Nilikaa kizingitini nikiwagawia wageni kahawa za kutafuna, kama Mama alivyokuwa akifanya. Walipofika kwangu watoto wa shule moja, mwalimu wao, binti mmoja mpole anaitwa Nuriat, akachukua punje, akatazama migomba, akatazama kaburi la Mama na maua niliyopanda. Akasema, "Mama, pazuri sana hapa. Ni kwako?"

Ishengoma alikuwa pale. Wazee walikuwa pale. Mwalimu Saburi alikuwa amesimama kando ya mgomba, akaniangalia kama mtu anayeomba. Nilijua nikisema "ndiyo" nitaitwa mwongo na watu wale wale walionipa mkono.

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Na mimi ni mgeni."

Akacheka, akadhani ndivyo nilivyofundishwa kuwachangamsha watu. Akawaambia watoto wake wanishukuru, na wote wakanipigia makofi.

Dada yako,
Kokushubila